Mbuzi Ishirini Mfukoni

Baba mdogo aliniuliza bei ya simu yangu tukiwa bado stendi ya Malindi, matatu haijajaa. Nikamwambia: laki moja na elfu thelathini na tano. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole.

"Mbuzi ishirini," akasema. "Na tunakwenda kuomba mke. Itie mfukoni, na tukifika isitoke."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda Jilore. Mchumba wangu ni Mgiriama wa huko. Tulijuana Mombasa, kwao nilikuwa sijakanyaga. Na niseme kweli: simu ile niliichukua kwa mkopo wa sacco miezi minne nyuma, siku kama hii ikiwa kichwani. Mjini huwa naiweka mezani kifudifudi, alama ya kampuni ikitazama juu, kana kwamba imejilalia tu. Nilikuwa nimeipangia iwe mshenga wa pili. Sasa mshenga wa kwanza ananiamuru nimfiche mwenzake.

Tukapita Ganda, mikorosho na minazi ikaanza kuachana. Kushoto ni upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Kulia, bonde la Sabaki, mto wenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, ule ule unaokwenda kuipaka bahari ya Malindi tope. Baba mdogo hakuwa na macho ya mandhari. Alikuwa ameishika kabambe yake, mjukuu wa ile Nokia 1100 ya mwaka 2003 tuliyoiita mulika mwizi, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Anatuma pesa kwayo sawasawa na mimi. M-Pesa tangu ianze mwaka 2007 haijawahi kumuuliza mtu ana simu gani.

"Yako inafanya nini cha kuzidi?"

Nikataja kamera. Nikataja kasi. Nikasema hata ikitumbukia majini haifi.

"Na ikianguka kwenye jiwe?"

Hapo sikujibu. Kioo chake kikipasuka, fundi anataka mbuzi wanne.

Kujitetea, nikamsimulia habari za Vertu, ili ajue wako walionizidi wazimu. Nokia ndiyo iliyoianzisha mwaka 1998, ikaziunda simu zake Uingereza, kwa mikono: mwili wa titani, kioo cha yakuti samawi, na kitufe cha kumwita mhudumu akutafutie hoteli au tiketi. Bei yake ilikuwa ya gari. Nokia ikaiuza mwaka 2012, na mwaka 2017 kiwanda cha Uingereza kikafungwa.

"Na ndani ya hiyo yakuti kulikuwa na nini?"

"Zile za mwanzo? Nokia tu, Baba."

Alicheka mpaka konda akageuka.

Tuliposhuka tukapanda bodaboda, mtu na begi lake, njia ya mchanga mwekundu hadi bomani. Wazee walikuwa kivulini, chini ya mwembe. Mchumba wangu alikuwa amenifunza kumwita bibi yake hawe, na nilipomwamkia hivyo akanishika mkono asiuachie. Alivaa hando, na shingoni kamba ya shanga iliyopauka. Mazungumzo yakaanza kwa mbali, kama ilivyo desturi: mvua, mahindi, viboko wa ziwa la huko wanaovamia mashamba. Simu ilikaa mfukoni ikinichoma paja.

Aliyeiharibu mipango ni hawe mwenyewe. Alisema hana picha yake hata moja ila ile ya kitambulisho, na pale anaonekana kama mtu aliyekamatwa. Nyie wa mjini hamna simu za picha?

Nikamtazama baba mdogo. Akatazama mwembe.

Nikaitoa. Nikamsogeza hawe kwenye mlango wa nyumba, mwanga ukimjia ubavuni, nikapiga tatu. Mjukuu wake wa darasa la saba akaninyang'anya simu kwa adabu zote, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaikuza tena, mpaka ikabaki mboni ya jicho moja. Ndani ya mboni mlikuwa na mwembe, mdogo kama mbegu, na mbele yake mtu amenyanyua mikono. Mtu yule ni mimi. Hawe akaangalia muda mrefu, akaugusa uso wake kiooni, picha ikahama, akaurudia. Tangu niinunue simu ile, ndiyo mara ya kwanza sikuyaona machungu ya makato ya mwisho wa mwezi.

Kisha yule kijana akaigeuza, akasoma mgongo, akapaza sauti: "Hii ni ile ya juzi juzi! Laki na thelathini na kitu hii!"

Baba mdogo akashikwa na kikohozi. Mimi niliyedhani Jilore hakuna wa kuijua, nilikuwa mshamba peke yangu pale.

Mzee mmoja akaniuliza polepole: "Ni yako, ama umeazima?"

"Ya mkopo, baba. Imebaki miezi ishirini."

Wazee wakaangua kicheko, na hawe akacheka kuliko wote. Hesabu ya mahari siitaji hapa. Nitasema tu kwamba haikuanzia pale baba mdogo alipotaka ianzie.

Jioni, tukirudi, nilipiga hesabu yangu. Ile kamera, kwa jicho lile la hawe, naipa elfu sitini, bila kinyongo. Elfu sabini na tano zilizobaki niliwalipa watu wa mikahawani Mombasa, ambao hata majina yao siyajui, ili wanitupie jicho mara moja. Baba mdogo hakunisemesha mpaka taa za Malindi zikaonekana.

"Hebu ile picha."

Nikampa. Akaitazama, akaikuza kwa vidole kama alivyomwona kijana akifanya, akakosea, akajaribu tena.

"Itolee nakala mbili," akasema akinirudishia. "Moja uipeleke pamoja na mbuzi."