Nilimwambia ndege imejaa

Januari 2015 nilimdanganya mama yangu mdogo. Nilimwambia ndege ya kutoka KIA, Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, kwenda Dar es Salaam imejaa, hakuna kiti hata kimoja, kwa hiyo tutafute basi. Ndege haikuwa imejaa. Viti vilikuwepo, ila bei yake ilikuwa mara kadhaa ya kiasi nilichokuwa nimeandika kwa mkono wangu katika katiba ya kikundi chetu kuwa ni nauli ya mgonjwa. Ukweli ungenilazimu kukiri kwamba nimekosea hesabu, mbele ya watu waliokuwa wamenipa ukatibu kwa sababu ya hesabu. Nikachagua uongo.

Kikundi chenyewe ni VICOBA ya hapa Kikwe. Tunanunua hisa kila wiki, tunakopeshana, na pembeni tuna mfuko wa jamii, ambao fedha zake hazikopeshwi. Ni za misiba na wagonjwa. Mgonjwa akipewa rufaa ya Dar es Salaam, utaratibu wa zamani ulikuwa unampa nauli ya basi ya watu wawili, yeye na msindikizaji, pamoja na fedha kidogo ya chakula na mahali pa kulala. Utaratibu huo waliuweka akina mama waliowahi kuuguza. Mimi ndiye niliyeufuta.

Anayetaka kuelewa ilikuwaje aijue Kikwe ilipo. Tuko kusini mwa barabara kuu ya Arusha–Moshi, kwenye tambarare chini ya Mlima Meru, na ndege zinazotua KIA zikitokea magharibi hupita upande wetu. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1971, ukajengewa njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,600 ili upokee ndege kubwa kutoka Ulaya. Tangu utoto wangu tulikuwa tunainua vichwa shambani kuangalia matumbo ya ndege ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyetarajia kuzipanda. Zilikuwa za watalii wa Kilimanjaro na Serengeti, za mawaziri, za matajiri wa madini. Sisi tulikwenda Dar kwa basi: Moshi, Same, Korogwe, Segera, Chalinze, siku nzima barabarani.

Halafu tarehe 29 Novemba 2012 kampuni ya ndege ya bei nafuu, fastjet, ikaanza kuruka kutoka Dar kwenda Mwanza na KIA, kwa ndege za Airbus A319, huku matangazo yakisema nauli inaanzia shilingi 32,000 bila kodi. Ukiwa na M-Pesa unalipa ukiwa umesimama shambani. Sijawahi kuona habari ya biashara ikiingia kijijini kwa kasi ile. Watu waliokuwa hawajawahi kuvuka geti la KIA walipanda, wakarudi wakisimulia mawingu. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba zaidi ya theluthi moja ya abiria wake walikuwa wanapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, na kwa niliyoyaona hapa sina sababu ya kubisha. Lilikuwa jambo jema. Nalisema hivyo leo pia, baada ya yote, kwa sababu kosa langu halikuwa kulifurahia.

Kosa langu lilianzia kwenye mkutano wa mwaka 2014. Nilisimama na daftari, nikasema: nauli ya ndege ni 32,000, tozo ya uwanja ni 10,000, tuongeze kidogo cha tahadhari, jumla 50,000. Mgonjwa ataondoka asubuhi, saa moja na kidogo angani, anatibiwa, anarudi. Msindikizaji wa nini? Malazi ya nini? Mama mmoja mtu mzima aliuliza, kwa upole, itakuwaje bei ikipanda. Nilimjibu kwa habari niliyoisoma gazetini. Nilisema hata Ulaya, kampuni za bei nafuu zilizokuwa zinatua kwenye viwanja vya pembeni sasa zinahamia viwanja vikuu vya miji mikubwa. Ryanair imeingia Zaventem, uwanja mkuu wa Brussels, Februari mwaka huu huu. Nikasema hiyo ni dalili kwamba bei nafuu imeshinda na imekuja kukaa. Watu wakapiga makofi. Yule mama akanyamaza, na sikumpa nafasi ya kuendelea.

Habari ilikuwa ya kweli. Nilichokuwa sikielewi ni maana yake.

Kwa miaka mingi Ryanair ilikuwa na bei ndogo kwa sehemu kwa sababu ilikwepa viwanja vikuu vingi. Abiria wa Paris ilimshusha Beauvais, zaidi ya kilomita 80 kutoka mjini. Wa Frankfurt ilimshusha Hahn, zaidi ya kilomita 100. Viwanja hivyo vilikuwa na njaa ya ndege, vikitoza kidogo, na ndege iligeuzwa upesi bila foleni. Ilipoanza kuingia Zaventem na Fiumicino ya Roma, haikuwa imevumbua namna ya kuzifanya tozo za huko zipungue. Ilimfuata abiria wa kazi na wa haraka, ambaye hataki kushushwa mbali na mji na yuko tayari kulipa zaidi ili akate tiketi leo asafiri kesho. Kuhamia uwanja mkuu kulikuwa kumtafuta mtu anayechelewa kukata tiketi. Mimi nilisoma kinyume chake.

Na kwetu hapakuwa na uwanja wa pembeni wa kuanzia. Arusha mambo yamekaa kichwa chini miguu juu: uwanja mdogo wa Kisongo ndio ulio karibu na mji, na njia yake ilikuwa fupi mno kwa Airbus, nao uwanja mkuu, KIA, ndio ulio mbali, kiasi cha kilomita 50, huko wilayani Hai. Dar es Salaam, abiria wote wa kawaida wanashukia Uwanja wa Julius Nyerere. Kwa hiyo kampuni ya bei nafuu ya Tanzania ilianza siku ya kwanza kwenye viwanja vikuu, ikilipa gharama za viwanja vikuu, ikinunua mafuta na kukodi ndege kwa bei zinazofuata dola. Hakuna kilichokuwa nafuu isipokuwa tiketi ya yule aliyewahi.

Ndege hizi zinauza viti kwa mafungu. Fungu la kwanza, dogo, ndilo la bei ya tangazo. Likiisha linafunguliwa la pili, la tatu, na bei inapanda kadiri siku inavyokaribia na viti vinavyopungua. Begi lina bei yake. Kubadili tarehe kuna bei yake. Yote hayo yalikuwa yameandikwa wazi, na mtu yeyote mwenye subira ya kusoma masharti angeyaona. Mimi nilikuwa na akili ya soko la Tengeru. Pale, Jumatano au Jumamosi, nyanya ya asubuhi ni ghali, na jioni mwenye tenga anakubembeleza uichukue kwa bei yoyote kabla haijaoza. Kiti cha ndege nacho kinaoza, tena dakika mlango unapofungwa. Kwa hiyo niliamini kwamba mgonjwa wa dharura hatakosa kiti cha bei ya chini. Ni kinyume kabisa. Anayekuja jioni ndiye anayelipa zaidi, kwa sababu muuzaji anajua kwamba mtu huyo hana budi kusafiri.

Na nani hana budi kusafiri? Mgonjwa. Mfiwa. Hakuna anayekata tiketi ya msiba miezi miwili kabla. Mfuko wetu wote ulikuwa wa watu wa namna hiyo, nami nikaupimia kwa bei waliyotengewa watu wa harusi na likizo.

Desemba 2014 mama mdogo alipewa rufaa. Ilikuwa saratani, na wakati ule mionzi kwa mgonjwa wa kaskazini ilimaanisha kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road. Tarehe yake ya kuripoti iliangukia wiki ya kwanza ya Januari. Mtu wa Arusha au Kilimanjaro anaijua wiki hiyo. Desemba nzima Dar inahamia huku: Wachaga, Wameru, Wapare, kila mwenye kwao anakuja kula sikukuu na wazazi. Wiki ya kwanza ya Januari wote wanarudi kwa pamoja, na barabara na anga vinageuka upande mmoja. Hakuna wiki ambayo kiti cha kwenda Dar ni ghali kuliko hiyo.

Nilifungua simu kumtafutia kiti, nikaona bei, nikaifunga. Nikafungua tena usiku. Ilikuwa imepanda.

Ningeweza kufanya mambo mengi. Ningeweza kumpigia mwenyekiti na mweka hazina, sanduku likafunguliwa kwa kikao cha dharura, katiba inaruhusu. Ningeweza kuwaambia ndugu tuchange. Ningeweza kumwambia mwenyewe: mama, kiti ni kiasi hiki, mfuko unatoa kiasi hiki, kilichopungua ni hiki. Nilikwenda kwake asubuhi, nikamwamkia, nikakaa, nikasema ndege imejaa.

Aliitikia kwa neno moja: "Basi." Kisha akaniuliza kama basi litapatikana.

Halikupatikana siku hiyo wala iliyofuata, kwa sababu ile ile ya Januari. Lilipopatikana, mfuko ulimpa kiasi nilichokiandika mimi, cha mtu mmoja. Hakukuwa na fedha ya msindikizaji. Alisafiri peke yake, mgonjwa, toka alfajiri hadi usiku, akapokelewa na ndugu wa mbali ambaye hakuwa amejiandaa. Tarehe yake ilikuwa imepita. Hospitali ilimpokea na kumpangia nyingine, wiki kadhaa mbele, maana wagonjwa wa mionzi walikuwa wengi na foleni ilikuwa ndefu kwa kila mtu. Wiki hizo alizipitisha kwenye godoro la sebule ya watu. Sikumuuliza daktari zilimgharimu nini. Niliogopa jibu.

Alipona kiasi cha kurudi shambani, na yuko hai. Nalisema mapema ili msomaji asinihurumie kwa jambo nisilostahili kuhurumiwa: kuwa kwake hai hakukupunguza nilichofanya, na kwa miaka kadhaa nilikitumia kama sababu ya kunyamaza.

Kikundi nacho kiliendelea na kanuni yangu. Mwaka ule shilingi ilishuka, kutoka karibu 1,700 kwa dola hadi zaidi ya 2,100, na kila kilichonunuliwa kwa dola kikapanda. Hapo ndipo wanachama walipoona wenyewe kwamba 50,000 haitoshi, wakaiongeza, lakini walilaumu dola. Mimi katibu nikaandika kwenye muhtasari kwamba ni dola. Uongo wa pili, mdogo, wa kalamu.

Yaliyofuata kwa kampuni yanajulikana. Kampuni mama ya fastjet ilitangaza hasara mwaka baada ya mwaka, Airbus zikabadilishwa na Embraer ndogo zaidi, na Air Tanzania ikafufuka kuanzia 2016 kwa ndege mpya za serikali. Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikatoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kufuta leseni, na safari zikakoma. Ilikuwa Desemba, wakati watu wanakuja nyumbani. Wengi hapa walisema tulijua tu, bei ile haikuwa ya kweli. Nilikaa kimya kwenye mazungumzo hayo. Bei ile ilikuwa ya kweli kwa waliowahi, na wengine waliona mawingu kwa sababu yake. Aliyeigeuza kuwa ahadi kwa wagonjwa ni mimi.

Mwaka huu tunaandika upya katiba ya kikundi. Kijana mmoja, msomi, mwenye nia safi kama niliyokuwa nayo, amependekeza mfuko utaje nauli ya ndege kwa tarakimu, kwa mujibu wa bei aliyoiona kwenye simu yake. Alikuwa na daftari pia. Nilimsikiliza, na usiku ule nikaamua kwamba siwezi kumpinga bila kueleza nimejuaje, na siwezi kueleza kikaoni kabla sijaeleza kwa mwenyewe.

Nilikwenda kwa mama mdogo Jumapili baada ya ibada. Nilimweleza yote: viti vilikuwepo, bei ilikuwa kiasi gani, katiba niliandika nini, na kwamba nilisema ndege imejaa kwa sababu ya aibu yangu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilitegemea aseme yamepita, mwanangu, kama wazee wasemavyo. Hakusema hivyo.

"Mbona hukuniuliza?" alisema. "Nilikuwa na mtamba. Mnunuzi alikuwa ameshakuja mara mbili, anamtaka. Ningemwita asubuhi ile ile."

Sikuwa na jibu. Kwa miaka yote nilikuwa nimehesabu mfuko, hisa, tozo na nauli, na sikuwahi kumhesabu yeye kama mtu mwenye mali yake na uamuzi wake. Akaniuliza tena kama wale wa kikundi wanajua. Nikasema bado. Akasema niende nikawaambie, na nitakaposema nisiseme "mgonjwa mmoja". Nimtaje yeye, kwa jina, na yeye atakuwepo.

Kikao ni Jumamosi. Kifungu ninachopeleka hakina tarakimu ya nauli: mfuko utalipa bei ya siku ya safari, ya basi au ya ndege, kwa mgonjwa na msindikizaji wake, na kabla katibu hajaamua lolote atakwenda kwa mgonjwa na bei mkononi.