Baiskeli nne, trela moja: si kilo ngapi, ni kilo wapi

Wiki hii sitaandika kuhusu programu, ingawa wenye macho wataona kwamba mwisho wake ni yaleyale. Nataka tuzungumze juu ya kubeba baiskeli wakati gari lako linavuta trela ndogo ya kulala. Najua si wengi wetu hapa Kenya wenye trela hizo. Vumilia kidogo, hesabu yake ni tamu.

Mjomba wangu anayo moja, ya ekseli moja, iliyoundwa na fundi wa hapa Nairobi. Ndani mna kitanda, jiko dogo la gesi na makabati. Aliamua kuipeleka familia Hell's Gate kule Naivasha, mojawapo ya mbuga chache za taifa nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga.

Utaniuliza, si baiskeli hukodishwa karibu na lango? Hukodishwa. Lakini binamu yangu wa miaka 11 alizaliwa na mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, na pedali za baiskeli yake zilirekebishwa na fundi ili miguu yote miwili ifanye kazi. Ya kukodi haimfai. Bila baiskeli yake angebaki garini akiwatazama wenzake wakienda. Kwa hiyo baiskeli zilikuwa lazima ziende, na zilikuwa nne.

Mpango wa mjomba ulikuwa rahisi: fundi achomelee keria ya vyuma nyuma ya trela, juu ya bampa, baiskeli zote zining'inie hapo. Picha za namna hiyo zimejaa mtandaoni. Akanipigia simu. "Wewe ndiwe mtu wa tarakilishi. Nipigie hesabu kama trela itabeba."

Nikapiga hesabu. Kubeba itabeba. Taabu iko kwingine.

Hesabu ya kidato cha pili

Trela ya ekseli moja ni mizani, au ukipenda, ni ile pembea ya watoto. Ekseli ndiyo egemeo. Kilicho mbele ya ekseli hukandamiza kiungio kilicho nyuma ya gari. Kilicho nyuma ya ekseli hukiinua kiungio hicho. Ule uzito unaokandamiza kiungio ndio unaoifanya trela ifuate gari kwa adabu. Marekani hushauri uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Uingereza, ambako trela nyingi huundwa tofauti, hushauri asilimia 5 hadi 7.

Hivi ndivyo vipimo vya trela ya mjomba:

- Uzito ikiwa na mizigo: kilo 600
- Kutoka kiungio hadi ekseli: mita 3
- Uzito juu ya kiungio: kilo 60 (asilimia 10, safi kabisa)
- Kutoka ekseli hadi keria ya nyuma: mita 2
- Baiskeli nne pamoja na keria yenyewe: kilo 70

Sasa zidisha 70 kwa 2, kisha gawanya kwa 3. Unapata karibu 47. Kilo 70 za nyuma zinaondoa kilo 47 mbele. Kiungio kinabaki na kilo 13, na trela sasa ina kilo 670. Hiyo ni chini ya asilimia 2.

Trela ya namna hiyo ikisukumwa na upepo wa ubavuni, au lori likiipita kwa kasi, mkia unayumba kulia, halafu kushoto, na kila mara unayumba zaidi badala ya kutulia. Mwishowe ni trela inayoliendesha gari. Iko video moja maarufu ya kigari cha kuchezea kinachovuta trela juu ya mkanda wa mazoezi. Uzito ukiwa mbele, mtu akikigusa kinatulia chenyewe. Uzito ukihamishwa nyuma, mguso uleule unakizungusha chote. Itafute, haichukui hata dakika mbili.

Na barabara yetu? Ukiacha ile kuu pale Rironi unateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, ukipita lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Mteremko mkali, malori, upepo unaotoka bondeni, na upande mmoja ni hewa tupu. Hapo sipeleki trela ya asilimia 2 ikiwa na binamu zangu kwenye gari.

Jibu la mjomba

Kumwambia mtu aliyekulipia karo kwamba mpango wake haufai si kazi nyepesi. Sikumtumia hesabu kwa simu. Nilienda kwake Jumamosi na mizani ya kupimia uzito wa watu. Tuliweka mawe kwenye magurudumu, trela ikawa sawa kama meza, tukasimamisha kipande cha mbao juu ya mizani chini ya kiungio. Ilisoma 60. Kisha nikawaomba binamu zangu wawili wadogo, ambao kwa pamoja hawapungui kilo 60, wasimame kwenye bampa ya nyuma, huku mimi nimeshikilia mkono wa trela usije ukainuka. Mjomba akaiangalia namba ikiporomoka. Hakusema kitu kwa muda.

Halafu akasema neno la akili. "Basi tuweke mitungi ya maji mbele, ilingane."

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Ukiweka kilo 70 za maji mita 2 mbele ya ekseli, mizani inarudi 60. Namba inapendeza tena. Lakini trela imeharibika zaidi kuliko mwanzo.

Umemwona mtu aliyebeba mzegazega, ule mti begani wenye mzigo kila upande? Akisimama mizigo inalingana, hana shida. Mwambie ageuke ghafla. Mizigo haitaki kugeuka, na ikishaanza haitaki kuacha, inamzungusha yeye. Ugumu huo hufuata kilo zikizidishwa kwa umbali, mara umbali tena. Kilo 70 kwenye mita 2 zinatoa 280. Ongeza 70 nyingine upande wa pili, unapata 560. Ziweke kilo hizohizo juu ya ekseli, ni karibu na sifuri. Mizani ya kiungio haioni tofauti hiyo hata kidogo, ila upepo wa Mai Mahiu unaiona.

Sisi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Seva inajibu kwa wastani wa milisekunde 200, chati inameremeta kijani, na wakati huohuo mteja mmoja katika kila mia anasubiri sekunde kumi. Wastani hausemi uongo, umeulizwa swali moja tu. Namba iliyorudi mahali pake si ushahidi kwamba mfumo umepona. Uliza imerudije.

Mjomba nilimweleza kwa njia fupi zaidi. "Mjomba, kwenye matatu ni kiti kipi kinachorusha watu wakati wa matuta?" Akacheka. "Cha nyuma." Keria ikafia hapo. Hata ungelisahau suala la kuyumba, baiskeli zilizotundikwa nyuma kabisa ya trela zimekaa kwenye kiti hicho safari nzima, zikila vumbi na kuziba taa na namba ya gari.

Tulizipeleka wapi basi?

Tulizipima njia zote kwa programu ndogo ya mistari kama 20. Unaipa kila mzigo kilo zake na umbali wake kutoka ekseli, inakupa uzito wa kiungio na ule ugumu wa kugeuka.

1. Juu ya mkono wa trela, mbele. Haiyumbishi, lakini kiungio kinafika kilo 111, na kile cha gari la mjomba kimepigwa muhuri wa mwisho kilo 100. Hapana.

2. Nyuma ya gari, kati ya gari na trela. Kwenye kona kali usukani wa baiskeli unagonga trela. Pia kilo zake zinahesabika kwenye kile kikomo cha 100. Hapana.

3. Juu ya paa la gari. Trela haiguswi. Angalia kikomo cha paa kwenye kitabu cha gari, na ukumbuke kwamba umekuwa mrefu, hasa kwenye vituo vya mafuta na maegesho yenye paa.

4. Ndani ya trela, sakafuni juu ya ekseli. Kiungio hakibadiliki, na trela haijali. Kero yake ni kuzitoa kila unapotaka kulala.

Tulichanganya ya 3 na ya 4. Baiskeli mbili za wakubwa, kilo 30, zilipanda juu. Mbili za watoto, kilo 22, zilivuliwa magurudumu zikalazwa ndani, zikafungwa kwa mikanda. Mtungi mmoja wa lita 20 uliokuwa nyuma ya kitanda tuliuhamishia mita moja mbele ya ekseli. Hesabu ilisema kilo 77, mizani ikasema 76. Asilimia 12 na kitu.

Tuliteremka kwa gia ndogo, bila haraka. Malori yalitupita, trela ikatikisika kidogo na kutulia. Naivasha tukafika kwa chai. Kesho yake asubuhi binamu yangu aliendesha kutoka lango la Elsa hadi Fischer's Tower na kurudi, akitutangulia wote. Nilimaliza nyuma ya kila mtu. Kazi ya kukaa kitini ina gharama zake.

Neno la mwisho kwa mwenye trela. Ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta na shika usukani sawa. Usifunge breki za gari kwa nguvu, usipigane na usukani, na usiongeze kasi ukidhani utainyoosha. Kisha simama mahali salama, fungua mlango, na uhamishe mizigo.

Nikipata nafasi nitaandika kuhusu breki za trela. Mjomba ameshaanza kuuliza.