Tulivyogombana Juu ya Ben Lomond

Mpenzi msomaji, wapo wanaogombana jikoni, na wapo wanaogombana kitandani huku wamepeana mgongo. Mimi na mwenzangu tuligombana mlimani, ndani ya wingu, mita kama 800 hivi kutoka usawa wa bahari, mvua ikitupiga usoni. Na kusema ukweli, kosa lilikuwa langu.

Naomba nianzie mwanzo. Mume wangu alikuwa Glasgow, Uskoti, akimalizia shahada yake ya pili. Kwa miezi 11 tulikuwa watu wa simu tu: "Umekula?" "Nimekula." "Haya, usiku mwema." Nilipopata likizo, nikapanda ndege kumfuata kwa wiki mbili. Wenzangu mliowahi kuishi mbali na wapenzi wenu mnajua: siku tatu za kwanza ni asali, ya nne mnaanza kugundua kwamba kila mmoja kajizoesha kuishi kivyake. Mwenzangu sasa alikuwa anakunywa chai bila sukari. Alikuwa hatoki nyumbani bila koti la mvua hata jua likiwaka. Mimi naacha taa zinawaka, yeye anapita nyuma yangu anazizima. Vitu vidogo, lakini vinakera.

Basi Jumamosi moja mwishoni mwa Septemba akasema, "Twende mlimani, tubadilishe hewa." Nikakubali haraka. Nilishaanza kuiona ile picha kichwani: mimi kileleni, mikono juu, ziwa nyuma yangu.

MLIMA "MDOGO"

Ben Lomond una urefu wa mita 974. Niliposikia hivyo nilicheka. Mtu anayetoka kwenye nchi ya Kilimanjaro, mita 5,895, atishwe na mita 974? Lakini kule unaanzia karibu kabisa na usawa wa ziwa, kwa hiyo zile mita karibu zote unazipanda kwa miguu yako mwenyewe. Kwenda na kurudi ni kilomita kama 12.

Waskoti wanaheshimu milima yao kwa hesabu. Mwaka 1891, bwana mmoja aitwaye Sir Hugh Munro alichapisha orodha ya milima yote ya Uskoti inayozidi futi 3,000, yaani mita kama 914. Leo orodha hiyo ina milima 282, kila mmoja unaitwa Munro, na kuna watu wanaotumia miaka na miaka ya wikiendi zao kuimaliza yote. Ben Lomond ndio Munro ulio kusini kuliko yote, ndiyo maana watu wa Glasgow wengi huanza nao.

Tulikodi gari dogo. Raha moja ya kule ni kwamba wanaendesha kushoto kama sisi, hivyo hakuna cha kuchanganyikiwa. Unapita Drymen, halafu Balmaha, halafu barabara inabanana kando ya ziwa Loch Lomond mpaka inaishia Rowardennan. Mbele hakuna lami tena.

Nilichoshangaa ni kwamba hakuna geti. Kwetu huwezi kupanda Kilimanjaro bila kulipa ada wala bila kiongozi. Kule sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea karibu popote mashambani na milimani, mradi awe mstaarabu. Hakuna askari, hakuna wa kukuandika jina, na hakuna wa kukuuliza umevaa nini.

Laiti angekuwepo! Maana mimi nilivaa jinzi. Mume wangu aliniletea suruali ya mvua, nikaikataa. Ilikuwa kubwa, inapiga kelele nikitembea, na kwenye picha ningeonekana kama mfuko wa rambo.

Kabla ya kuanza alitoa ramani, akanieleza kanuni ya Mskoti mwingine, William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa mlima huu inakuja kama saa tatu kasoro za kupanda, bila kupumzika. "Sisi tuseme tatu na nusu," akasema. "Tunaanza saa nne na nusu. Ikifika saa nane mchana, popote tulipo, tunageuka. Jua linazama kama saa moja jioni na sitaki giza litukute. Sawa?"

"Sawa," nikajibu, huku nafunga kamba za viatu. Sikusikiliza, nilikuwa nimesema sawa tu.

JUA, MVUA, JUA, MVUA

Saa ya kwanza ilikuwa tamu. Njia inapita kwenye miti, inatoka kwenye uwanda wa majani yenye rangi ya kutu, kondoo wanakutazama kama vile umechelewa kazini. Nyuma yetu ziwa likafunguka na visiwa vyake. Jua likawaka, nikavua sweta. Tukashikana mikono kidogo, maana njia ni pana.

Dakika 10 baadaye manyunyu. Nikavaa sweta. Jua. Nikavua. Halafu mvua yenyewe, ya kulala, inayokuja kwa ubavu. Waskoti husema unaweza kuona misimu minne kwa siku moja. Mimi niliiona kabla ya kula chakula cha mchana.

Sababu yake si uchawi. Upepo mwingi unatoka magharibi, baharini Atlantiki, umebeba unyevu. Ukigonga milima unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unamwaga maji. Na kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi: kila mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi kama 6 au 7, na hapo upepo haujahesabiwa. Kwa hiyo kule chini mtu anaweza kuwa anakula aiskrimu kando ya ziwa, wewe juu unatetemeka meno.

Jinzi ikilowa, mwenzangu, usiombe. Inakuwa nzito, inang'ang'ania mapaja, na inakaa na baridi kama imefunga nayo ndoa.

Tukaingia kwenye wingu. Njia ikaanza kupinda kushoto na kulia ikiparamia sehemu ya mwisho yenye mwinuko mkali. Waliokuwa wanashuka walitupita wakisema hawakuona kitu. Mume wangu akasimama, akatazama saa.

"Saa nane imefika, mke wangu. Tugeuke."

"Tugeuke? Si tumeshafika?"

"Hapana, bado. Juu kuna ukingo, na upande mmoja ni mwamba unashuka moja kwa moja. Kwa wingu hili na wewe umelowa hivyo, hapana. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana, au uliamua?"

Akanyamaza. Mimi sikunyamaza. Nikamwambia amekuwa Mzungu siku hizi, maisha yake yote ni saa na koti, na kwamba mume niliyemsindikiza uwanja wa ndege hakuwa mwoga. Halafu nikageuka, nikapanda peke yangu.

KIPENGA

Sijui nilitembea muda gani. Labda dakika tano, labda nane. Hasira ina kasi yake. Nilipotulia nikatazama chini, nikaona yale mawe ya njia hayapo. Nilikuwa nakanyaga majani. Nilikuwa nimefuata kijia cha kondoo.

Nikageuka. Weupe. Kushoto weupe, kulia weupe, hata mahali nilipotoka sikupajua. Nikamwita kwa sauti yangu yote, upepo ukaichukua ukaenda nayo. Vidole vilikuwa haviwezi tena kufungua zipu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba simu, maji na chakula, vyote vilikuwa kwenye begi lake.

Halafu nikasikia kipenga. Mara sita, kimya, tena mara sita. Baadaye aliniambia hiyo ndiyo ishara ya kuomba msaada milimani, na kwamba hakujali ningeielewa au la, alichotaka ni nisikie sauti. Nikaifuata hatua kwa hatua, nikipapasa kama kipofu, mpaka koti lake jekundu likatokea.

Alikuwa amesimama palepale nilipomwachia. Hakusogea hata hatua.

"Kwa nini hukunifuata?" Hilo ndilo lililonitoka mdomoni, mpenzi msomaji, badala ya samahani.

"Ningekufuata tungepotea wote wawili. Nilitaka uwe na mahali pa kurudi."

Akanivisha glovu zake za akiba na ile suruali ya kelele, hapohapo, juu ya jinzi, kama anavyovishwa mtoto wa chekechea. Akafungua chupa ya chai. Nikanywa nikijua itakuwa chungu. Ilikuwa na sukari, tena nyingi, kama ninavyoipenda mimi. Nikalia. Mvua ilinisaidia, hakuna aliyejua.

YA MWISHO

Tulifika chini kama saa kumi na moja jioni. Nikageuka kuutazama mlima, na amini usiamini, kilele kilikuwa wazi kabisa, jua limekipaka dhahabu.

"Sema tu," akasema.

"Niseme nini?"

"Kwamba tungesubiri."

Tungesubiri saa ngapi, na jinzi ile? Sikusema. Nikasema lile nililopaswa kusema kule juu: kwamba neno "mwoga" lilikuwa baya, na nilishalijua hata kabla halijanitoka.

Ndani ya gari, kipasha joto kikiwa mwisho, akaniambia kitu ambacho sikuwa nakijua. Mwezi wa Machi alikwenda mlima mwingine peke yake, siku ya upweke, bila koti la maana. Wingu likamshukia, akazunguka muda mrefu kabla ya kuiona njia. "Sikutaka kukutia hofu kwenye simu," akasema. Miezi 11 ya "umekula, nimekula", na hilo halikuwemo. Na mimi nilikuwa na yangu ambayo sikuwahi kumwambia. Tulikaa pale kwenye maegesho mpaka giza likaingia, tukisimuliana.

UKITAKA KWENDA NA MWENZAKO

Somo utabiri wa milimani, si ule wa mjini. Vaa nguo zinazokauka haraka, acha jinzi hotelini. Kila mtu abebe begi lake lenye maji, chakula, tochi na kipenga. Beba ramani ya karatasi na dira, na mjue kuvitumia, kwani simu huzima kwa baridi. Mwendo uwe wa yule anayechoka mapema, na msiachane, hata mkiwa mmenuniana. Mkikwama, Uingereza nzima namba ni 999: omba polisi, halafu uokoaji wa milimani. Watakaokuja ni watu wa kujitolea, hawalipwi wala hawatozi, kwa hiyo usiwatoe kwenye chakula chao cha jioni kwa sababu ya picha.

Na ile saa ya kugeuka, ipangeni mkiwa chini, mmeshiba na mnacheka, wote wawili mkisikiliza.

Mume wangu amesharudi nyumbani. Lile koti jekundu linaning'inia nyuma ya mlango, hapa Dar kwenye joto hili, na sijamwambia alitoe. Mwezi wa Julai tunakwenda Lushoto kutembea milima ya Usambara. Suruali nimeshanunua, na saa ya kugeuka safari hii nimeipanga mimi.