Mama, Kichwa Kinauma au Hakiumi?

 Leo hatuzungumzii hina wala piko. Tunazungumzia neno ambalo mama zetu wanalisema kila siku, na jinsi tulivyokwenda mpaka mlimani Kilimanjaro ndipo tukajua lilikuwa linafunika nini.

Sisi ni mtu na mdogo wake. Mmoja wetu anaolewa baada ya Ramadhani, inshaallah. Mama yetu ana miaka 57, mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, na baba yetu ametangulia mbele ya haki miaka mitatu sasa. Mama alifundisha jiografia maisha yake yote. Kila mwaka akiuchora Kilimanjaro ubaoni kwa chaki, Kibo mita 5,895, Mawenzi mita 5,149, na hajawahi kuuona hata kwa mbali. Siku posa ilipojibiwa alisema, "Kabla nyumba haijajaa watu, nataka niuone ule mlima, na nyinyi mkiwa bado wangu."

Basi tukajipanga. Hatukutaka kufika kileleni. Tulichagua njia ya Marangu, ambayo wageni wanalala kwenye vibanda vya mbao badala ya mahema, na tukaamua mwisho wetu uwe Horombo, mita 3,720. Mdogo wetu wa kiume alikuja nasi kama maharimu wetu. Mama alipimwa presha na sukari, daktari akaridhika. Kwa miezi mitatu tulitembea ufukweni kila baada ya sala ya alfajiri, maana Unguja kwetu hakuna mlima wa kufanyia mazoezi. Masingini penyewe hapazidi sana mita mia moja.

Kuhusu mavazi, kwa wanaotuuliza: tulivaa suruali pana na kanzu fupi ya kufika magotini, sweta, koti la mvua na mtandio mwepesi unaokauka haraka. Mtandio wa pamba ukilowa jasho huko juu unakuwa barafu shingoni. Kuhusu sala: tulikuwa wasafiri, tukapunguza na kujumuisha. Asubuhi wapagazi wanakuletea beseni la maji ya vuguvugu, unatawadhia hayo hayo. Kibla cha kule ni kama cha kwetu, kaskazini. Pale Horombo ukisimama kusali Mawenzi inakuwa mbele yako na Kibo kushotoni. Mama alisali pale rakaa mbili za alfajiri akachelewa sana kuinuka kwenye sijda ya mwisho.

Siku ya kwanza ni msituni, kama kilomita 8 kutoka getini mpaka Mandara. Miti mikubwa yenye ndevu za kuvu, mbega weusi na weupe wanakutazama kutoka juu, njia ina utelezi. Mama alikuwa kama msichana. Kila mti alitaka ajue jina lake, na kiongozi wetu wa msafara, kijana wa Kichagga mwenye adabu sana, akawa anamjibu, "Ndiyo mwalimu," kama yumo darasani. Siku ya pili msitu unaisha, unatoka kwenye vichaka na majani ya baridi, kilomita 12 za kupanda mpaka Horombo, ambako kuna mimea mirefu kama watu waliosimama wamevaa makoti. Neno la njia nzima ni moja tu: pole pole.

Sasa tufike kwenye neno letu. Kila jioni kiongozi alikuwa akikaa na sisi na kutuuliza maswali yale yale: kichwa kinauma? Umekula? Umelala? Kizunguzungu? Kichefuchefu? Anakubana kidole na kile kidude cha kupimia hewa kwenye damu, anaandika kwenye daftari lake. Alitueleza sababu. Ukifika mita 3,700, kila pumzi unayovuta inakupa karibu theluthi mbili tu ya hewa unayoipata pwani. Mwili unahitaji muda kuzoea. Wengine wanazoea, wengine hawazoei, na haina uhusiano na nguvu wala ujana. Ukiumwa ugonjwa wa mlima na ukaendelea kupanda, maji yanaweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba, na hapo mtu anakufa. Dawa yake ya kwanza ni kushuka. Lakini hakuna kifaa kinachoona maumivu ya kichwa. Lazima mtu aseme mwenyewe.

Sisi tulijibu kwa urefu kama watoto. Zamu ya Mama ilipofika, kila swali jibu lake lilikuwa moja: "Alhamdulillah, mwanangu." Kichwa? Alhamdulillah. Umekula? Alhamdulillah. Yule kijana akaandika.

Usiku ule wa Horombo baridi iliingia mpaka kwenye mifupa. Tulilala sote kibanda kimoja. Saa nane za usiku mmoja wetu aliamka akakuta begi la kulalia la Mama liko tupu. Tulimpata nje, ameinama nyuma ya vyoo, anatapika, na kwa mguu anafukia kwa mchanga asije akaonekana. Tukamuuliza, "Mama, unaumwa?" Akajifuta na mtandio, akasema, "Alhamdulillah, ni ile supu tu."

Mkubwa wetu akamshika mabega akamwambia, kwa heshima lakini bila kupepesa, "Mama, hatujakuuliza kama unashukuru. Tunajua unashukuru. Kichwa kinauma au hakiumi?"

Alinyamaza. Halafu akakaa juu ya jiwe akaanza kulia, taratibu, kama mtu aliyechoka. "Kinauma," alisema. "Tangu jana mchana. Kinapasuka. Na chakula sijala, nilikuwa nakitia kwenye sahani ya mdogo wenu."

Tulimwamsha kiongozi. Alimtembeza mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole, chini ya mwanga wa tochi, akapita. Akampima tena, akampa dawa ya maumivu na maji, akakaa naye mpaka alfajiri akimwangalia. Kulipopambazuka akasema hakuna kupanda kwenda kwenye Mawe ya Pundamilia kama tulivyopanga, tunashuka. Mama akaanza kuomba radhi: amewaharibia wanawe safari, hela zimepotea, yeye angeweza kubaki kibandani. Yule kijana akamwambia, "Mwalimu, mtu anayesema anaumwa hajaniharibia kazi. Anayenyamaza ndiye tunayemshusha kwa machela." Mama alimwangalia muda mrefu. Nafikiri ni mara ya kwanza kijana wa umri wa wanafunzi wake kumsahihisha, na akakubali.

Tulishuka. Huwezi kuamini, wallahi, kila mita mia tulizoshuka rangi ilikuwa inamrudia. Kabla ya adhuhuri aliomba ndizi. Alasiri, msitu ulipoanza tena na Mandara iko karibu, alimtanguliza mdogo wetu wa kiume mbele na kiongozi, akabaki nyuma na sisi wawili. Ndipo alipozungumza.

Alituambia kwamba kati yetu sisi wawili palikuwa na mimba nyingine. Hatukuwa tunajua. Ilipoharibika alikuwa nyumbani kwa wakwe, damu ikamtoka siku tatu, na kila aliyemuuliza hali alimjibu alhamdulillah. Alipika, akafua, akatandika. Siku ya nne akaanguka uani, na jirani ndiye aliyemfikisha hospitali. "Baba yenu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya," alisema. "Alilia kuliko mimi. Aliniuliza, kwa nini hukuniambia? Sikuwa na jibu. Somo yangu alinifundisha singo, akanifundisha udi, akanifundisha kuvumilia. Kusema hakunifundisha."

Kisha akamshika mkono yule anayeolewa. "Watakuambia mke mwema anaweka siri ya nyumba. Ni kweli, iweke. Lakini siri ya nyumba ni kwa majirani, mwanangu, si kwa mumeo. Ukiumwa, sema. Ukichoka, sema. Ukiwa na hofu, sema. Mimi nilimnyima baba yenu nafasi ya kunihurumia, na alikuwa mtu mwenye huruma."

Tulitembea bila kusema kitu mpaka tukaona moshi wa jikoni Mandara.

Ndugu zetu katika imani, tumelitafakari sana hili tangu turudi. Sisi wanawake wa visiwani tumelelewa na subira, na subira ni pambo kubwa, hakuna anayebisha. Lakini subira siyo kuficha. Nabii Ayyub, ambaye sisi sote tunapigiwa mfano wa subira kwake, alimlalamikia Mola wake kwamba madhara yamempata. Nabii Yaaqub alilia mpaka macho yakaingia ukungu, na alisema wazi huzuni yake anaipeleka kwa nani. Bibi Maryam alipopatwa na uchungu wa kuzaa hakujifanya hauumi. Alitamani angekuwa amekwisha kufa kabla yake. Hawa hawakupungukiwa imani kwa kusema. Na Alhamdulillah ni neno letu, hatuliachi. Ila tumejua sasa kwamba mtu anaweza kumshukuru Mola wake na papo hapo akamwambia mwanawe, "Kichwa kinauma."

Kwa bi harusi anayesoma hapa, tuna maneno matatu tu.

La kwanza: katika siku zako za maandalizi, tenga siku na mama yako peke yenu, nje ya nyumba. Si lazima Kilimanjaro. Nyumbani mama ana jiko, ana wageni, ana washona nguo na wapiga simu. Njiani hana pa kujificha, na mnatembea mnatazama mbele, hamtazamani usoni. Kuna maneno ambayo mtu huyaweza akitazama mbele.

La pili: jifunze swali la pili. Mama akikujibu alhamdulillah, mwambie, "Na mimi nashukuru. Sasa niambie, ni wapi panauma?" Uliza kitu chenye jibu la wazi. Umelala saa ngapi? Umekula nini leo? Tangu lini?

La tatu: ukienda kwa mumeo, mfundishe swali hilo la pili mapema, wakati mapenzi bado mabichi, na wewe mwenyewe mjibu kweli. Asisubiri akukute umeanguka uani.

Na mkiamua kweli kwenda mlimani na wazazi wenu, wapimwe kwanza na daktari, msiharakishe, ongezeni usiku mmoja wa kupumzika kuliko kupunguza, na mtu akisema kichwa kinamuuma msipande hatua moja zaidi mpaka kipone. Kisipopona, shukeni. Mlima upo hapo hapo.

Mama hakuyaona Mawe ya Pundamilia. Kibo aliiona asubuhi ile ya kushuka, mawingu yamefunguka, theluji inang'aa, akasema ubaoni alikuwa akiichora nyembamba mno. Wiki iliyopita, tukiwa tunakunjia maandazi ya wageni wa mahari, alituambia bila kuulizwa kwamba goti lake la kulia limekuwa likimuuma miaka miwili. Jumatatu tunampeleka hospitali.

Mola awape mama zetu afya, na atupe sisi masikio ya kuwasikia. Amin.