Caliban: Alizaliwa Mwovu au Alifanywa?

Ukitaka kuona vijana wanaopenda vitabu wakigombana, wataje Caliban, yule mtumwa wa Prospero katika Tufani ya Shakespeare. Wapo wanaosema ni shetani tangu tumboni: mama yake mchawi, naye alitaka kumnajisi Miranda, binti wa bwana wake. Wengine watakujibu: jamani, kisiwa si kilikuwa chake? Alimwonyesha mgeni chemchemi za maji matamu na ardhi yenye rutuba, kumbe mwisho wake ni kubebeshwa kuni!

Hoja hii ya pili ina uzito. Mchezo ulionyeshwa London mwaka 1611, miaka minne tu baada ya Waingereza kuanzisha koloni la Jamestown kule Marekani. Mwaka 1969, Samuel Mushi alipoutoa kwa Kiswahili, Aimé Césaire wa Martinique naye aliuandika upya kwa Kifaransa. Caliban wake ni mtumwa mweusi, na neno la kwanza analolitamka jukwaani ni la kwetu: uhuru.

Lakini mimi nakwama kwa Miranda. Césaire anamfanya Caliban aikatae shutuma ile. Kwa Shakespeare haikatai. Anacheka, anasikitika tu kwamba alizuiwa. Sasa hapo tumlaumu mkoloni? Binti yule hakuchukua kisiwa cha mtu. Aliletwa akiwa mtoto mdogo.

Ubeberu nauona kwingine. Caliban akikutana na Stephano, mlevi mwenye chupa, anapiga magoti na kumwita mungu wake, huku akiimba kwamba amekuwa huru. Masikini! Utumwa umemfundisha kwamba uhuru maana yake ni kubadilisha bwana. Somo hilo hakuzaliwa nalo, na sisi tuliopata bendera tunalijua vizuri.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: magoti yale alifundishwa, ila dhambi ya Miranda ni yake. Anayemwita shetani anamnyima ubinadamu. Anayemfutia kila kosa eti kwa sababu alitawaliwa anamnyima mara ya pili, maana mtu asiyeweza kulaumiwa ni sawa na jiwe.

Nasi tunaoandika tukumbuke hilo. Mhusika mwovu mpe historia yake yote, mkoloni wake na njaa yake. Kisha mwachie hata tendo moja ambalo atalijibu mwenyewe.