Barua kwa Mpwa Aliyehitimu: Miaka Isiyotajwa

Kwa mpwa, baada ya mahafali.

Habari za mafanikio ya wahitimu wa vyuo vikuu huandikwa kwa mkato: jina, shahada, mwaka wa kuhitimu, kisha tuzo au cheo. Kilichotokea kati ya shahada na tuzo hakitajwi. Mhitimu mpya husoma habari hizo akadhani waliomtangulia walivua majoho jioni na kuamkia umaarufu, na akiwa bado anazungusha barua za kuomba kazi, hujiona amechelewa. Sehemu iliyoachwa ndiyo yenye faida kwake.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, alifika Uingereza akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi. Alisoma Canterbury, na kwa muda alifanya kazi ya mkono hospitalini. Alianza kuandika akiwa na umri wa miaka 21 hivi. Kati ya mwaka 1980 na 1983 alifundisha Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, na katikati ya kipindi hicho, mwaka 1982, akapata shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Kent. Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, haikutoka hadi mwaka 1987, yaani tangu aanze kuandika ulikuwa umepita muda wa kutosha mtoto kuzaliwa na kumaliza shule ya msingi na sekondari. Paradise iliingia fainali ya tuzo ya Booker mwaka 1994 na haikushinda. Akaendelea kufundisha Kent hadi alipostaafu, huku vitabu vikitoka kimoja kimoja, bila kishindo. Tuzo ya Nobel ilipotangazwa Oktoba 2021 alikuwa na miaka 72 na riwaya kumi. Wasomaji wengi wa Kiswahili walikutana naye baada ya hapo, Paradise ilipotoka kwa jina la Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, basi, mshahara ulitoka darasani na riwaya ziliandikwa pembeni. Si aibu mtu kuwa na kazi ya kumlipia kodi ya nyumba wakati kazi yake nyingine inapevuka.

Lupita Nyong'o hutajwa kama mfano wa kinyume. Alimaliza shahada ya uzamili ya uigizaji Yale mwaka 2012, na Machi 2014 akapokea Oscar kwa filamu ya 12 Years a Slave. Miaka miwili tu! Lakini kabla ya Yale alikuwa amesoma filamu katika Chuo cha Hampshire, ametumwa huku na kule kama msaidizi wa utayarishaji kwenye The Constant Gardener iliyopigwa Kenya, ameigiza katika Shuga, na mwaka 2009 ametoa In My Genes, filamu yake mwenyewe kuhusu watu wenye ualbino nchini Kenya. Hesabu ya haki huanzia kwenye kubeba vifaa.

Wapo waliofika mapema kweli. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka uliofuata Rosa Mistika ikatoka. Mapema huko nako kulikuwa na gharama yake: riwaya ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, na diwani ya Kichomi ya mwaka 1974 ikazua ugomvi wa wanamapokeo na wanamabadiliko kuhusu vina na mizani. Hakurudi nyuma kuwaridhisha wanamapokeo. Riwaya zake Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991 ni ngumu kuliko chochote alichoandika ujanani.

Kuhusu kozi iliyosomwa, mhitimu asijifunge nayo. Wangari Maathai alipata uzamivu wake Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971 katika anatomia ya wanyama. Mwaka 1977 alianzisha upandaji miti uliokuja kuitwa Green Belt, na Nobel ya Amani ya mwaka 2004 ikampata kwa miti na haki za wananchi, si kwa anatomia.

Kwa anayetaka kuandika kwa Kiswahili, njia za leo ni pana kuliko za Kezilahabi. Tuzo ya Kiswahili ya fasihi ya Afrika, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na baadaye kuitwa Safal-Cornell, hupokea miswada ambayo bado haijachapishwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, nayo hupokea miswada. Zote mbili zinamtaka mtu aliyemaliza kuandika. Riwaya iliyofika nusu, hata iwe nzuri vipi, haina pa kupelekwa, na mhitimu aliye nayo anapaswa kuitengea saa zake kila wiki kabla kazi ya ofisini haijazimeza zote.

Mjomba