Kinga Nne, Miguu Miwili

Jumapili moja nilikuwa nimezipanga uani zote nne, nikiipaka minyororo yake mafuta. Mama alitoka jikoni na ufagio mkononi, akasimama, akazitazama kutoka ya kwanza hadi ya mwisho kama mtu anayehesabu kuku wake. Kisha akaniuliza: “Weye uko na kinga ine. Uko na miguu ngapi?”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kufagia akizunguka magurudumu.

Swali lile nimelibeba miezi kadhaa. Ninaliandika hapa kwa sababu nilijaribu kulijibu kwa elimu tunayopewa katika kitivo hiki. Elimu hiyo ilinisaidia mpaka mahali fulani, halafu ikaniacha.

Kwanza nizitaje. Zote ni kinga za zamani, nyeusi, za magurudumu ya inchi 28, zenye breki za fito za chuma badala ya kebo. Ukikutana nazo barabarani utadhani ni moja iliyozaliwa mara nne. Ya kwanza ni Raleigh ya babu yangu, aliyoinunua alipokuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya bati huko Kalima. Kwenye shingo yake bado kuna alama ya kichwa cha ndege, ingawa rangi imelika. Ya pili ni Raleigh pia. Niliinunua kwa mzee mmoja wa Mikelenge ambaye watoto wake walikuwa wamemletea pikipiki. Ya tatu ni Hero, iliyotengenezwa India. Ya nne ni Phoenix, ya Shanghai. Ukiacha ile ya babu, hakuna niliyoipata ikiwa inatembea. Moja haikuwa na pedali, nyingine kuku walikuwa wakilalia kiti chake. Nilizilipa kwa fedha ya likizo mbili nilizoshinda kwa fundi mmoja karibu na soko, nikiziba matundu ya mipira ya watu.

Jibu langu la kwanza kwa mama lilikuwa la kifundi. Nilimwambia kwamba hazifanani, zinaonekana tu kufanana. Nilimwonyesha kikombe cha chuma kinachoshika mhimili wa pedali ndani ya fremu. Raleigh, huko Nottingham, ilikuwa na desturi yake: katika kila inchi ya kikombe hicho ilikata mizunguko 26 ya skrubu, wakati watengenezaji wengine wa Uingereza walikata 24. Tofauti ni mizunguko miwili tu, jicho haliioni. Lakini kikombe cha kinga nyingine hakiingii kwenye Raleigh. Ukikilazimisha kwa nyundo, kama mafundi wetu wengi wanavyofanya, unaharibu fremu ambayo ingeishi miaka mingine hamsini. Ndiyo maana niliinunua Raleigh ya pili: niifungue, nichukue vikombe, mhimili na vyuma vyake kwa ajili ya ile ya babu.

“Uliifungua?” mama aliuliza.

Sikuifungua. Nilipoiosha niligundua kwamba ni nzima kuliko ile niliyotaka kuiponya. Nikaiacha ilivyo, na hapo ndipo kinga mbili zikawa tatu, kisha nne.

Jibu langu la pili nililitoa darasani. Mwaka huo tulikuwa tunasoma juu ya visawe, na mwalimu wetu wa semantiki alitueleza mawazo ya Michel Bréal, yule Mfaransa aliyelipa somo la maana jina la semantiki. Katika kitabu chake cha 1897 Bréal anazungumzia sheria ya mgawanyo. Maneno mawili yakikutana katika lugha moja yakiwa na maana ile ile, watu hawavumilii hali hiyo kwa muda mrefu, hugawa kazi. Neno moja linachukua upande huu, lingine upande ule, na mwisho kila msemaji anaamini kwamba siku zote yalikuwa tofauti.

Niliinua mkono, nikatoa mfano wa nyumbani. Sisi wa Kindu tuna maneno matatu kwa kitu kimoja. Tunasema kinga, neno tunaloshirikiana na wasemaji wa Kilingala, ambao husema nkinga. Tunasema velo, la Kifaransa. Tunasoma na kuandika baiskeli, la Kiswahili sanifu. Katika kamusi ya sanifu, kinga ni kitu cha kujikinga, hakina gurudumu hata moja. Kwa sikio langu, maneno haya matatu hayana kazi moja. Kinga ni ile inayobeba gunia. Velo inatoka kinywani mwa mtu anayesimulia mashindano ya Ulaya. Baiskeli iko kwenye mtihani. Ukimwambia msukumaji wa mawese kwamba ana baiskeli nzuri, atageuka kutazama wewe ni mgeni wa wapi.

Darasa lilicheka, mwalimu akaridhika, nami nikarudi nyumbani na ushindi. Nilimwambia mama kwamba kinga zangu pia zimegawana kazi. Phoenix ni ya kwenda masomoni, kwa sababu vipuri vyake vinapatikana hata usiku. Hero ni ya mizigo, ina kibebeo kizito nyuma. Ya babu ni ya Jumapili na ya misiba. Ya pili…

Nilinyamaza. Raleigh ya pili haikuwa na kazi. Ilikuwa nzuri tu.

Nikaona nibadilishe njia. Nilimwuliza mama ana lugha ngapi. Alihesabu kwa vidole: Kilega cha kwao, Kikusu cha kwa baba, Kiswahili, Kilingala cha sokoni, na Kifaransa kidogo. “Lugha tano,” nikasema, “na kati ya hizo nne ni za Kibantu, zinafanana kama kinga zangu. Una midomo mingapi?”

Nilifikiri nimemshinda. Alitua kisu alichokuwa akikatia majani ya muhogo, akanijibu bila haraka: “Luga, ukimupa muntu, weye unabakia nayo. Kinga ukiifunga na kadena, haiko ya muntu.”

Sijasoma katika kitabu chochote sentensi iliyobomoa ulinganisho wangu vizuri kiasi hicho. Lugha haipungui kwa kusemwa na wengi. Kinga ni moja: ikiwa kwangu, haiko kwako. Na kinga iliyofungwa kufuli barazani haiko hata kwangu.

Mama hakuwa anazungumza hewani. Mdogo wangu wa kike alikuwa amepata darasa la kufundisha katika shule moja ya msingi ng’ambo ya mto. Sisi tunakaa Kasuku. Kila asubuhi alishuka bandarini gizani, akavuka Lualaba kwa mtumbwi mpaka Alunguli, halafu akatembea saa moja na nusu. Kukodi pikipiki kila siku kungekula mshahara wake wote. Alikuwa akirudi jioni viatu mkononi. Alipita barazani mbele ya kinga nne na hakuniomba hata moja. Nadhani alikuwa amenisikia mara nyingi nikisema “usiiguse hiyo, kila chuma chake ni cha asili.”

Katika Kiswahili sanifu kitu kama hiki ninachofanya na kinga huitwa uraibu. Nililitafuta neno hilo nikitarajia heshima kidogo. Kumbe linabeba mambo mawili: jambo unalolifanya kwa kulipenda wakati wa mapumziko, na mazoea yanayomfunga mtu asiweze kuyaacha, kama tumbaku. Hapa Bréal angesubiri watu wagawe kazi. Mimi sina hakika kwamba wakati wangu wa mapumziko na tumbaku yangu ni vitu viwili.

Tena uraibu wa kinga, hapa petu, una uzito ambao mahali pengine hauna. Ukisimama kwenye barabara inayotoka Kasongo, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, utawaona wanaume wanaokuja na mawese na mchele. Hawapandi. Wamefunga fimbo kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti. Wanatembea kando ya kinga iliyojaa, wakiisukuma kwa kifua kwenye milima na kuizuia kwa mgongo kwenye miteremko. Kwa mtu kama huyo kinga ya kutazamwa ni nini? Niliwahi kumpita mmoja nikiwa juu ya ile ya babu, imeng’aa, sina mzigo. Alinisalimu vizuri. Mimi ndiye niliyeshuka nikasukuma mpaka tulipopoteana.

Na historia yenyewe inasema jambo hilo hilo kwa ukali zaidi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, huko Belfast, alipata hati ya uvumbuzi wa tairi ya mpira yenye upepo. Katika miaka iliyofuata Ulaya na Marekani zilishikwa na homa ya baiskeli, na viwanda vikataka mpira. Sehemu ya mpira huo ilitoka katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II. Watu walilazimishwa kuingia msituni kugema utomvu, na wasiofikisha kipimo walipigwa, wakashikiwa wake zao mateka, wakauawa. Sisemi kwamba kijana wa London aliyetoka na baiskeli yake siku ya mapumziko alikuwa mwovu. Ninasema kwamba starehe yake ilikuwa mzigo kichwani mwa mtu ambaye hakumwona. Yangu haina damu. Lakini mtu aliyebeba mzigo wake nilikuwa ninamwona kila jioni, anapita barazani, viatu mkononi.

Nilitumia juma zima nikichagua ipi nimpe. Nilianza kwa ujanja: nilitaka kumpa Hero, kwa kuwa ni ngumu na sikuipenda sana. Lakini Hero ndiyo inayomletea mama maji na makaa, kwa hiyo ningempokonya mmoja ili kumpa mwingine. Phoenix ingeniacha nikitembea kwenda masomoni. Ya babu si yangu peke yangu. Ilibaki ile isiyo na kazi, nzuri kuliko zote. Sheria ya mgawanyo ilikuwa imeshaniambia siku nyingi, nami nilikuwa nimeitumia tu kwa kuchekesha darasa.

Nilipompa, mdogo wangu alisema, “Yaya, nitaichunga.” Nilimwambia asiichunge sana. Nilisema hivyo kwa mdomo. Moyo ulikuwa mahali pengine.

Tunafundishwa kwamba neno likikopwa haliendi kama lilivyotoka. Lugha inayokopa inaliongeza irabu, inalibadilisha ngeli, inalipa maana ambayo wenyewe hawakuijua. Ndivyo “vélo” ya Wafaransa ilivyoingia kinywani mwetu. Nilikuwa ninalijua hilo kwa mtihani. Sasa ninalijua kwa macho. Jumamosi ya kwanza Raleigh ilirudi ikiwa na pedali za plastiki. Ya tatu, kiti cha ngozi kilikuwa kimeondolewa, kimewekwa cha sponji, kwa sababu cha ngozi kililoana mtumbwini na kumchafua sketi. Baadaye fundi wa Alunguli alichomelea kibebeo cha mabomba, na rangi nyeusi ikaungua sehemu yote ile. Wanafunzi wake walifunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Kila mara nilitaka kusema neno, na kila mara niliona viatu viko miguuni.

Nisidanganye kwamba jambo hili limeisha vizuri kwa kila upande. Mwezi uliopita kinga ya babu ilianza kulia chini ya pedali. Niliifungua nikakuta kikombe cha upande wa kulia kimekwisha. Nimezunguka soko lote, nimeuliza mafundi wa Kasuku na wa Mikelenge. Wote wananionyesha vikombe vya mizunguko 24, na mmoja tayari alikuwa ameshika nyundo. Kikombe cha Raleigh ninachokijua katika mji huu ni kimoja tu, kizima, na kila asubuhi kinavuka mto kwenda Alunguli.

Kwa hiyo ile ya babu imesimama barazani, imeegemea ukuta. Nimemwandikia binamu yangu aliyeko Kalemie anitafutie kikombe huko. Mama aliipita juzi, akaigusa usukani kidogo. “Hii nayo?” akauliza. Nilimwambia inangoja. Hakuuliza inangoja nini, na hakuhesabu miguu. Alichukua Hero akaenda kuchota maji.